Kura ya Mbwa

Chibalonza aliitafuta bahasha juu ya friji, pale alipoiacha, akakuta dawa ya kuchua mgongo na risiti za umeme. Akasogeza mkate. Akachungulia nyuma ya friji. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi, shati la bluu lenye jina la nyumba ya wazee kifuani, na miguu ilimuuma kwa sababu tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amewageuza, amewaosha na kuwavalisha wazee tisa.

"Baba Nella, bahasha yangu ya kura iko wapi?"

Bizimana, mumewe, alikuwa mezani anakula ugali na dagaa. Hakuinua kichwa.

"Nimeshaituma."

"Umetuma nini?"

"Kura. Nimejaza, nimesaini, nimetia posta. Usipopiga wanakutoza faini, dola hamsini na tano. Wewe kila siku uko shifti, ungesahau."

"Umejaza nini?"

Bizimana alimeza tonge kwanza. "Ndiyo."

Binti yao Nella, wa miaka kumi na tisa, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu. Akatoa kisikilizio kimoja sikioni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Manispaa iliwauliza wakazi swali moja kwa posta: uwanja wa zamani wa maonyesho, ambao mpaka hapo mbwa walikuwa wanafanyia mazoezi tu, uruhusiwe kuwa uwanja wa mbio za mbwa zenye kamari? Weka alama kwenye Ndiyo au Hapana, tia saini nyuma ya bahasha, rudisha. Kutoka nyumba yao ya serikali pale kitongoji cha Macquarie Fields mpaka uwanjani ni mitaa mitatu. Upepo ukivuma kutoka upande ule, mbwa walisikika jikoni.

"Ni kura yangu," Chibalonza alisema.

"Ni ya nyumba hii."

"Imeandikwa jina langu."

"Na kodi ya nyumba imeandikwa jina la nani? Na gari? Mama Nella, tangu nianguke kule ghala la Port Botany, nani ananipa kazi? Craig peke yake, yule mwenye mbwa pale uwanjani. Asubuhi tatu kwa wiki, nafagia mavi ya mbwa na kuwatembeza. Ameniambia, uwanja ukipita, ni wiki nzima, na mkataba. Nitakwenda kazini kwa miguu. Mgongo huu hauwezi tena kubeba hata gunia la vitunguu, unajua hilo."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Alisukuma sahani. Chibalonza hakuitoa mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sahani ya Bizimana kubaki mezani, na wote watatu waliitazama.

"Mbwa wana mtu wa kuwasemea," Bizimana alisema. "Mimi si raia bado, sina hata kura. Kwenye kambi ya wakimbizi nilisaini miaka kumi na moja. Unga, mafuta, mablanketi, hata karatasi ya kuja huku. Siku gani ulilala njaa kwa sababu nimesaini mimi?"

"Kambini ilikuwa kadi moja, watu watatu. Hapa kila mtu na bahasha yake."

"Bahasha zimekupandisha kichwa."

"Na Murhula?" aliuliza Chibalonza. "Umemfikiria Murhula?"

Bizimana alitazama mlango wa gereji na kupunguza sauti. "Murhula ni mtu mzima."

Nella akasema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kuwajibu, kwamba hilo ni kosa la jinai.

"Nyamaza wewe," baba yake akamwambia. "Wenye jinai nimewaona. Hawajazi fomu."

* * *

Murhula alikuwa mdogo wake Chibalonza, tumbo moja. Alilala gereji kwenye godoro, kati ya mashine ya kufulia na masanduku ya nguo. Kabla ya hapo alikuwa na nyumba ya kupanga, mke aliyeitwa Aline na watoto wawili. Alikuwa akicheza kamari ya mbwa kwa simu, chooni, kazini, kanisani nyuma ya nguzo. Aline alipochoka alichukua watoto akaenda Brisbane. Ndipo Murhula alipojiandikisha kwenye orodha ya kujifungia, ya watu wanaoomba wenyewe wakataliwe kamari, na tangu siku ile kampuni zote za kamari ya simu zikawa zinamkataa. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne bila kamari. Watoto walikuwa wameanza kumpigia simu kila Jumapili.

Orodha hiyo ilifunga simu tu. Uwanjani mtu anasimama mbele ya kibanda cha kamari na noti mkononi, na hakuna anayemuuliza jina.

Jumamosi asubuhi Chibalonza alimkuta mdogo wake ameegemea ua wa nyuma, kikombe cha chai mkononi, sikio limeelekea uwanjani. Vizimba vya chuma vilifunguka kwa kishindo. Mbwa wakatoka.

"Huyo wa nje amechelewa kutoka," alisema Murhula. "Umesikia? Wote bang, halafu yeye."

"Sijasikia kitu."

"Mimi nasikia." Akamwaga chai iliyobaki kwenye majani. "Dada, usigombane na shemeji kwa ajili yangu. Mtu anakula kwa shemeji yake, analala kwake, halafu anamnyima kazi. Watu wanasema nini?"

"Watu gani?"

"Watu. Kanisani. Wananiita Bwana Mbwa, unadhani sijui?"

"Wakijenga hapo utakwenda?"

Murhula alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nitahama."

"Uende wapi?"

Murhula alikuwa anasikiliza mzunguko wa pili.

Mchana ule Chibalonza alipiga simu ofisi ya uchaguzi, Nella akiwa karibu kumsaidia maneno magumu. Alisema karatasi yake imepotea. Ulikuwa uongo, na aliusema vizuri. Wakamwambia watamtumia nyingine. Karatasi mpya ilipofika, siku ya nne, alijifungia bafuni, akaweka alama kwenye Hapana, akaandika jina lake nyuma ya bahasha kwa herufi zake ndogo zilizobanana, akaipeleka mwenyewe kwenye sanduku la posta mbele ya duka la mikate. Alirudi nyumbani akapika maharage. Bizimana alimuuliza mbona anaimba. Akasema haimbi.

* * *

Barua ilikuja Jumanne. Nella aliisoma kimya, akairudia, akaiweka mezani.

"Mama, kuna bahasha mbili kwa jina lako," alisema, na safari hii alijikaza kusema Kiswahili. "Ya kwanza, saini ni sawa na ile yao. Ya pili, saini si sawa. Zote wamezishika. Unatakiwa uende mwenyewe, mwisho Ijumaa."

"Wamekosea. Ya pili ndiyo yangu."

"Wanasema ya kwanza ndiyo inafanana."

"Inafanana na nini?"

"Na fomu. Ya kuingia kwenye daftari la wapiga kura."

Chibalonza alimgeukia mumewe. Bizimana alikuwa amesimama mlangoni na buti za kazi mkononi, harufu ya mbwa imemjaa.

"Ile fomu ya mwaka ule ulipopata uraia," alisema polepole. "Ulikuwa shifti. Niliijaza mimi."

"Na ukasaini."

"Nilisaini jina lako. Ningesaini la nani?"

Kwa hiyo ikawa hivi: katika daftari la serikali, Chibalonza alikuwa mkono wa Bizimana. Mwandiko wake mwenyewe ndio ulioonekana wa mwizi.

Alikaa. Alitaka kucheka na hakuweza.

"Nikawaambie ukweli," alisema.

"Kawaambie." Bizimana aliweka buti chini. "Jumamosi ijayo ni sherehe yangu ya uraia. Mtihani nimeanguka mara tatu, mara ya nne nikapita. Shati nimenunua. Mpaka siku ya kiapo wanaweza kukuondoa kwenye orodha kwa tabia mbaya, imeandikwa kwenye barua yao, Nella alinisomea. Nenda kawaambie mumeo ni mhalifu. Saini za uongo mbili. Nenda."

"Unanitisha?"

"Nakwambia bei."

Murhula alikuwa amesimama kwenye mlango wa gereji, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. "Semeni ni mimi," alisema. "Mimi ni raia tayari, na jina langu limeshaoza. Semeni niliiba bahasha."

"Wewe ungejaza Ndiyo?" Nella aliuliza.

Swali lilimkuta Murhula vibaya. Akatazama chini. "Ningejaza Ndiyo," alisema, "kama ningekuwa peke yangu na kalamu."

Chibalonza akamwambia arudi gereji. Halafu akachukua daftari la shule la zamani la Nella na kalamu, akaketi mbele ya mumewe.

"Nifundishe saini yangu," alisema.

Walikaa pale kila jioni baada ya chakula. Mwandiko wa Bizimana ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la nne na kujifunza herufi nzuri kwenye foleni ya mgao: C yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote kama kamba ya nguo. Chibalonza aliandika, akakosea, akaandika tena.

"Si hivyo. Mkia uende chini."

"Nimeupeleka chini."

"Umeupeleka kando. Lete." Anachukua kalamu, anaandika, anaisukuma karatasi. "Tazama. Usifikiri. Ukifikiri unatetemeka."

"Siku zote ulikuwa hufikiri?"

"Mama Nella, andika."

Nella alipita kuelekea jikoni akawaona vichwa vyao viwili juu ya daftari. Akasema hajawahi kuona upumbavu kama huo. Lakini aliondoka bila kuzima taa yao.

Waliafikiana maneno. Chibalonza angesema saini zote mbili ni zake, ya zamani na ya sasa. Kwamba alidhani bahasha ya kwanza imepotea posta. Kwamba ihesabiwe hiyo ya kwanza. Ndiyo ingehesabiwa. Bizimana angekula kiapo. Alhamisi Chibalonza aliandika saini kumi mfululizo na nane zilikuwa nzuri. Bizimana alimpongeza. Chibalonza alikwenda gereji kutoa nguo kwenye mashine, akamkuta mdogo wake amekunja godoro na kulifunga kwa kamba.

"Nimepata rafiki Villawood," alisema Murhula. "Ana sebule."

"Rafiki gani?"

"Wa kazini."

"Anacheza?"

Murhula alikaza fundo la kamba. "Kila mtu anacheza kidogo, dada."

* * *

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Bizimana alivaa shati lake la kiapo. Chibalonza alimwambia litachafuka. Akasema anataka waone ni mtu mwenye heshima. Mfuko wa plastiki ambao shati lilitoka nao dukani aliuacha kwenye gari, ameukunja vizuri.

Waliketi watatu mbele ya mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Kwenye beji yake kuliandikwa Abigail. Alikuwa mpole, na upole wake ulimwogopesha Bizimana kuliko ukali. Aliuliza kama wanataka mkalimani. Nella akasema yupo. Abigail akachukua leseni ya udereva ya Chibalonza, akaiweka mezani karibu na nakala za bahasha mbili.

"Anasema kwenye leseni yako kuna hii ya pili," Nella alitafsiri. "Ndogo. Anauliza basi hii kubwa ni ya nani."

"Zote zangu," alisema Chibalonza. "Nina saini mbili. Ya zamani na ya sasa."

Nella alitafsiri bila kumtazama mtu. Abigail alitikisa kichwa kukubali. Alisema watu wengi hubadilisha saini, hata yeye alibadilisha alipoachika. Akavuta karatasi nyeupe, akaweka kalamu juu yake.

"Anasema uandike ile ya zamani hapa. Mara mbili. Halafu mnaweza kwenda."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Chibalonza alivuta karatasi. Meza ilikuwa ya kioo na karatasi iliteleza kidogo. Akashika kalamu, akaanza C.

Usifikiri, aliambiwa. Lakini alifikiri. Alifikiria godoro lililofungwa kamba. Alifikiria sebule ya Villawood. Alifikiria kwamba akishamaliza mkia huu, mwanamke huyu mpole atauweka kwenye faili, na tangu leo mkono huu mkubwa ndio utakuwa wake hata mbele ya macho yake mwenyewe. C ilitoka. Mkia ukaanza kwenda kando. Kalamu ikasimama.

Abigail alisubiri. Mashine ya kupoza hewa ilinguruma. Chibalonza aliinua kalamu, akaanza C nyingine, na hiyo nayo ikaanza kupinda.

"Si hivyo," Bizimana alisema.

Alisema kwa sauti ya mezani kwao, sauti ya mtu aliyechoka kufundisha. Mkono wake ulikwenda, ukachukua kalamu vidoleni mwa mkewe, ukavuta karatasi, ukaandika: C kubwa, jina lote, na mkia chini yake umenyooka kama kamba ya nguo. Ilikuwa nzuri kabisa. Alikuwa ameshaisukuma karatasi irudi kwa Chibalonza na kufungua mdomo kusema tazama, ndipo alipoona uso wa Nella.

Abigail alivaa miwani. Akatazama karatasi, akatazama nakala ya bahasha ya kwanza, akatazama ile fomu ya zamani kwenye kompyuta. Halafu akamtazama Bizimana, si kwa hasira, na akauliza jambo fupi.

"Dad," alisema Nella, "usijibu."

"Anauliza nini?"

"Usijibu. Tutasema ulikuwa unamsaidia tu."

Bizimana alitazama mkono wake mwenyewe kana kwamba umemsaliti mbele ya wageni. Jasho lilikuwa limeanza kulowesha kola ya shati jipya. Alimtazama mkewe. Chibalonza hakumsaidia kwa lolote, hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alikuwa anamsubiri, kama alivyomsubiri miaka yote kwenye foleni huku mtoto yuko mgongoni.

"Mwambie ni mimi," Bizimana alisema.

"Dad."

"Mwambie. Ile bahasha mimi. Ile fomu mimi. Mke wangu hajui kuandika hivi. Nimemfundisha siku tatu ameshindwa."

Nella alitafsiri. Abigail alivua miwani, akaandika kitu kwa muda mrefu. Alisema kwamba lazima aripoti, hana hiari katika hilo. Kwamba bahasha ya kwanza itafutwa. Bizimana aliuliza kuhusu sherehe ya Jumamosi. Abigail akasema hayo ni ya ofisi nyingine, hawezi kumwambia kitu. Bizimana alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea mabaki ya pesa yake na kuona yamepungua, na nyuma yake kuna foleni.

"Na ile ya pili?" aliuliza Chibalonza. Aliuliza mwenyewe, kwa Kiingereza. "Hapana yangu?"

Abigail alisema itahesabiwa. Lakini kwanza lazima daftari lisahihishwe. Akatoa fomu mpya na kuonyesha mstari wa chini kwa kidole.

Chibalonza alichukua kalamu. Kioo kilikuwa bado kinateleza. Alipogusa tu, fomu ilikimbia upande. Akaivuta. Ikakimbia tena.

Bizimana alinyoosha mkono. Nella akashtuka, akataka kumzuia. Lakini hakushika kalamu. Aliweka vidole vyake viwili kwenye pembe ya karatasi, vidole vyenye mikwaruzo ya meno ya mbwa, akaikandamiza mezani isisogee, na akageuza uso kuelekea dirishani ili asione anavyoandika.

Chibalonza aliandika jina lake. Herufi ndogo, zilizobanana, hazina mkia. Ilimchukua muda, na mumewe hakusema si hivyo.